Ukitaka Nikutajie Gemu, Kwanza Uniahidi Utaicheza

Kila jioni ninapopita kwenye banda la gemu lililo jirani na nyumbani kwangu, hapa Mwanga, Kigoma, hakosi kijana wa kuniita kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, kuna gemu gani mpya ya kompyuta?", nami, kwa ujinga ambao umri haujaniponya, husimama, huweka chini mfuko wa dagaa niliotumwa, na huanza kumweleza. Humweleza kwa dakika ishirini nzima. Yeye hutikisa kichwa, hushangaa mahali panapostahili mshangao, na nikimaliza huuliza swali moja tu: "Ina mpira?"

Sina ugomvi na mpira. Ugomvi wangu ni kwamba katika banda lile gemu ziko mbili tu tangu lifunguliwe: hiyo ya mpira, na nyingine ya kijana anayeiba magari, ambayo ilitoka mwaka 2004, wakati wengi wa wanaoicheza leo walikuwa bado hawajazaliwa. Kumbe katika duka la mtandaoni la Steam, ambako watu wa kompyuta hununulia gemu zao, mwaka 2024 peke yake zilitoka gemu zaidi ya 18,000. Gawanya kwa siku za mwaka uone mwenyewe: ni karibu gemu 50 kila siku ya Mungu, Ijumaa na Jumapili zikiwemo. Nakubali kwamba nyingi ni takataka, lakini hata dagaa wanaoanikwa mchangani kule Kibirizi huja na kokoto zao, na hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kumwaga gunia zima kwa sababu ya kokoto. Lazima mtu akae chini achambue. Mtu huyo, kwa bahati mbaya, nimekuwa mimi, na sijawahi kulipwa hata soda.

Uchambuzi wenyewe una adha zake. Gemu ya mtengenezaji mdogo huingia dukani kimyakimya, na duka halitoi muhtasari wa maoni ya wachezaji mpaka maoni hayo yafike 10. Kumi tu! Hapa mtaani ukianguka na baiskeli unapata maoni 10 kabla hujainuka, lakini zipo gemu nzuri zinazokaa miezi bila kuyapata. Kwa hiyo mimi huandika yangu, kwa Kiswahili sanifu, na hadi leo maoni niliyoyaandika kwa urefu na uangalifu kuliko yote yamekubaliwa na mtu mmoja kuwa yamemsaidia, naye ni mpwa wangu, ambaye nilikuwa nimeishika chaja yake mpaka abonyeze.

Watu wakisikia habari za gemu za kompyuta huwaza mashine ya mamilioni na bando la waziri. Ni kweli kwamba zipo gemu za namna hiyo. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 inataka nafasi ya gigabaiti 150, na kama ningeanza kuipakua mwaka ule kwa bando langu la usiku, nadhani leo ningekuwa naikaribia nusu. Lakini chukua Animal Well, iliyotoka Mei 2024, kazi ya mtu mmoja aitwaye Billy Basso, aliyeitengeneza kwa takriban miaka saba. Gemu nzima haifiki megabaiti 100. Video za harusi ya binamu yangu, zile zilizotumwa kwenye kikundi cha familia na kila shangazi kwa zamu yake, zimekula nafasi kubwa kuliko hiyo. Ndani yake wewe ni kitone kidogo cha kiumbe katika mapango yenye giza, wanyama wamejaa, wengine wapole na wengine si wapole, na hakuna neno hata moja la kukuelekeza. Unaokota fataki, unaokota kifaa cha kupulizia mapovu, na unagundua mwenyewe vinafanya nini. Nilipomwonesha fundi simu wa hapa jirani, alinishauri niongeze mwanga wa kioo kwa sababu haoni kitu. Nilimweleza kwamba giza ndiyo gemu yenyewe. Alinitazama kama anavyotazama simu iliyoingia maji.

Kwa mwenye mfuko mwembamba huwa nataja Vampire Survivors, ambayo huuzwa kwa dola 5 hivi. Luca Galante alianza kuiuza ikiwa bado haijakamilika mwishoni mwa mwaka 2021, ikakamilika Oktoba 2022, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya gemu bora ya BAFTA, zile tuzo kubwa za Uingereza, mbele ya gemu zilizotengenezwa na mamia ya watu. Kazi yako ni kutembea tu. Silaha hupiga zenyewe, na maadui huja kwa maelfu kama kumbikumbi baada ya mvua. Ukifika dakika ya 30, mauti yenyewe hutokea kukuchukua. Kwangu mimi, hata hivyo, mauti haijapata nafasi ya kunifikia, kwa sababu betri ya kompyuta yangu ilishaaga dunia, na umeme hukatika dakika ya 28. Nimewahi kukaa gizani na kipanya mkononi nikimsikiliza mke wangu akicheka chumba cha pili.

Habari ya Balatro ni ya aibu zaidi. Ilitoka Februari 2024, mtengenezaji wake anajulikana kwa jina la LocalThunk na lake halisi amelificha, na katika mwezi wa kwanza iliuza nakala zaidi ya milioni moja, kwa hiyo siwezi kusema kwamba dunia haikuiona. Ni Mwanga ndiyo haikuiona. Unapanga karata kama za poka, lakini hakuna shilingi inayowekwa mezani: kuna alama tu, na karata za ajabu ziitwazo Joker zinazobadilisha hesabu mpaka karata mbili za kinyonge zinazaa mamilioni. Siku moja mchana mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Kasulu kutusalimu, akaingia sebuleni akanikuta nimeinamia karata. Alisimama mlangoni. "Baba Neema," akasema kwa upole uliokithiri, "kumbe ndiyo kazi." Nilijieleza kwa kirefu kwamba si kamari, naye akanyamaza kule kunyamaza kwa wakwe ambako huwezi kukukatia neno. Nilijifariji baadaye niliposikia kwamba PEGI, chombo cha Ulaya kinachopanga gemu kwa umri wa wachezaji, nacho kiliona karata kikashtuka, kikaiwekea gemu hiyo umri wa miaka 18, kisha Februari 2025 kikashusha hadi 12 baada ya rufaa. Mama mkwe wangu hadi sasa hajapokea rufaa yoyote.

Rafiki yangu mmoja ambaye maisha yake yote ya kazi amekagua hati za wasafiri mpakani nilimpendekezea Papers, Please ya mwaka 2013, ambamo unakaa kibandani ukikagua pasi za wasafiri na kulipwa kwa kila mtu uliyemhudumia bila kosa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ninamchukia.

Nimejaribu pia kuwatoa watu hofu ya kupoteza fedha. Duka lile lina utaratibu wa kumrejeshea mnunuzi fedha zake, mradi aombe ndani ya siku 14 na awe hajacheza zaidi ya saa mbili, kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa gemu usiyoijua. Nilikuwa nikimfafanulia mpwa wangu jambo hilo wakati wa chakula, na mke wangu, ambaye nilidhani hasikilizi, akaweka kijiko chini akauliza kama utaratibu huo ulikuwapo mwaka tulipofunga ndoa.

Kuna moja inayoniumiza kuliko zote. Kwa miaka mingi nimesikia vijana wakilalamika kwamba gemu hazituhusu, kwamba majoka na majumba ya baridi si ya kwetu, na kwamba hakuna gemu inayozungumza Kiswahili. Aprili 2024 ikatoka Tales of Kenzera: Zau, iliyoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga kutokana na majonzi ya kumpoteza baba yake. Zau ni kijana mganga anayemwendea Kalunga, mungu wa mauti, kumwomba amrudishie baba. Ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na unaweza kuchagua kusikiliza wahusika wakizungumza Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kiswahili, jamani, si cha kutafsiriwa na mashine! Kompyuta yangu haiwezi kuibeba, kwa hiyo nilimwomba mpwa wangu mashine yake ya chuo, nikaibeba hadi bandani nikiwa nimeikumbatia kama mtoto mchanga, nikawakusanya wale vijana niwaoneshe. Walitazama kwa dakika nne. Mmoja akasema mbona anaongea kama taarifa ya habari. Mwingine, nami nilijua litakuja, nililiona usoni mwake likija, akauliza kama Zau anaweza kucheza mpira.

Ni mtu mmoja tu katika manispaa hii aliyewahi kuipokea gemu niliyompa, na ninajuta. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye tangu ujana hajui kazi nyingine isipokuwa kuvua kule Katonga, akajikuta hana pa kwenda usiku. Mtu aliyezoea kukesha majini halali kwa sababu ameambiwa alale. Akawa anakuja kwangu saa mbili za usiku, anaketi kwenye kochi, anapumua. Kwa huruma, nami nasisitiza kwamba ilikuwa huruma, nikamfungulia Dredge, iliyotengenezwa New Zealand na kundi dogo liitwalo Black Salt Games na kutoka Machi 2023. Ndani yake wewe ni mvuvi uliyevunjikiwa na chombo. Meya wa kisiwa anakupa boti nyingine, na kabla nguo zako hazijakauka unaambiwa kwamba boti hiyo ni deni. "Mkopo wa injini," alisema shemeji, akavuta kiti karibu. Lilikuwa neno lake la kwanza katika siku tatu.

Kuanzia hapo sikukiona tena kiti changu. Katika gemu ile samaki hawatupwi ovyo botini; kila mmoja ana umbo lake, nawe unamgeuzageuza mpaka aingie katika visanduku vya tumbo la boti bila kuacha pengo. Mimi kazi hiyo ilinichukua dakika tano na matusi. Shemeji alikuwa akiwapanga kwa sekunde huku akinieleza nilichokosea. Alikosoa kila kitu: kwamba mvuvi hawezi kutoka peke yake bila wenzake, kwamba hakuna karabai za kuvuta dagaa, kwamba mtu anaingia majini usiku bila kuuliza habari za mwezi, ilhali mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa hata ukiwaimbia. Alipovua samaki wa kwanza mwenye ulemavu, aliyejaa macho mahali pasipostahili macho, alimtazama kwa muda mrefu akasema kwamba huyu ukimshusha Kibirizi kina mama watakimbia na mabeseni yao. Kumbe kule anauzwa ghali. Lakini ilipofika sehemu ya usiku, ambapo hofu humpanda mvuvi mpaka akaanza kuona miamba mahali ambapo mchana hapakuwa na mwamba, shemeji hakukosoa. Alisema, "Hapa hawajadanganya," kisha akanisimulia mambo fulani ya ziwani kwa sauti ya chini, na usiku huo aliyekosa usingizi nilikuwa mimi.

Nilijaribu kumwachisha kwa gemu nyingine. Nilimwekea Return of the Obra Dinn ya mwaka 2018, ambamo meli iliyopotea inarudi bandarini bila nahodha wala baharia aliye hai, nawe unatakiwa kutambua kilichowapata watu wote 60 waliokuwamo. Niliamini mtu wa Kigoma hawezi kuikataa hadithi ya meli iliyorudi, kwa kuwa MV Liemba yetu ililetwa hapa vipandevipande, ikaungwa, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Shemeji alisikiliza historia yote hiyo kwa adabu. Akauliza hao watu 60 walikuwa wamebeba samaki gani.

Agosti 15 ilipofika nilimsindikiza mwenyewe hadi Katonga nikiwa nimembebea jaketi, na nilipoona mtumbwi unasukumwa majini nilirudi nyumbani karibu kwa mbio, nikafungua kompyuta, nikawasha Vampire Survivors, na umeme ukakatika. Sikujali. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu.

Siku kumi hazikupita, mlango ukabishwa saa mbili za usiku. Alikuwa shemeji, amebeba migebuka miwili ya zawadi, na nyuma yake, juu ya miembe, mwezi umejaa kama sahani. "Leo hatuingii," alisema akivua viatu, "dagaa hawatafuata taa. Deni la yule meya limebaki kiasi gani?" Tangu hapo nimebandika kalenda ya mwezi ukutani, karibu na swichi, na mtu akiniomba nimpendekezee gemu, kwanza naenda kuitazama.