Waya wa pini tano na kifaa kinachodai akaunti

Nina kinanda cha umeme cha mwaka 1986, kizito kama jiwe la kusagia. Vitufe viwili vimekufa na skrini yake husomeka ukiinamisha kichwa upande. Juzi nilikichomeka kwenye kompyuta mpya kabisa, nikabonyeza noti moja, programu ya kurekodia ikaipokea bila maswali. Rafu hiyohiyo ina kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta nilichonunua miaka sita tu iliyopita. Hakina hata mkwaruzo, ila ndiyo basi tena. Kompyuta ilisasishwa, kampuni ikakataa kutoa draiva mpya, yaani programu ndogo inayokiwezesha kifaa kuelewana na kompyuta. Niliwaandikia mara mbili, wakanijibu kwa kiungo cha kununulia toleo jipya.

Historia ya ala za kielektroniki husimuliwa kwa sauti zake: theremin ya miaka ya 1920 inayopigwa bila kuguswa, kinanda cha Minimoog cha 1970, mashine ya midundo ya TR-808 ya 1980 na ngoma yake inayotikisa kifua. Mimi nasema uvumbuzi mkubwa kuliko yote hauna sauti kabisa. Ni MIDI, lugha ya pamoja ambayo ala na kompyuta za kampuni tofauti huelewana kwayo, na ndiyo iliyofanya kinanda changu kipokelewe bila maswali.

Kabla yake kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Noti ziliamuliwa kwa volti za umeme: mashine za Moog na Roland zilipanda oktava moja kwa kila volti moja inayoongezwa. Nyingi za Korg na Yamaha zilitaka volti iongezeke maradufu kwa kila oktava. Ukiziunganisha hivyohivyo, unasikia muziki wa mlevi. Mwaka 1981 Dave Smith wa Sequential Circuits, Marekani, aliwapelekea wahandisi wa sauti pendekezo la lugha moja, na Ikutaro Kakehashi wa Roland, Japani, alikuwa akilisukuma wazo hilohilo. Januari 1983, kwenye NAMM, maonyesho ya biashara ya ala za muziki huko Marekani, kinanda cha Prophet-600 cha Sequential kiliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland mbele ya watu. Piga hii, ile inaitika. Mashine za washindani wawili wa biashara! Na lugha yenyewe wakaiacha bure, atakaye aitumie.

Ninachokipenda zaidi ni ubahili wake. Waya una pini tano, zinazofanya kazi ni tatu, na plagi ni ileile iliyokuwa imezoeleka kwenye redio za nyumbani. Haubebi sauti, unabeba amri. Ukibonyeza kitufe zinatoka baiti tatu: noti ianze kwenye chaneli fulani, ni noti ipi, na imepigwa kwa nguvu gani, kuanzia 0 hadi 127. Upande wa pili amri haipokelewi kwa umeme moja kwa moja. Ndani kuna kitaa kidogo sana kinachowaka na kuzimika, na kijicho kinachokitazama. Kwa kuwa mashine hazigusani kiumeme, ule mngurumo wa spika unaomkosesha usingizi kila fundi mitambo hauna pa kupita. Mtu aliyewaza hivyo alikuwa ameshaungua vidole mara nyingi, nadhani.

Kasoro zipo. Biti 31,250 kwa sekunde ni mwendo wa konokono: chodi ya noti kumi hutoka kwa foleni, karibu milisekunde moja kwa kila noti. Hatua 128 ni chache. Ukizungusha kitufe polepole unasikia ngazi badala ya mteremko. Tena walioibuni walikuwa na kinanda kichwani. Mpiga udi au fidla anayeteleza katikati ya noti na noti hulazimika kutumia ujanja wa kupinda sauti. MIDI 2.0 ilikuja mwaka 2020 kurekebisha mengi ya hayo, nayo ikaundwa iweze kuelewana na ya kwanza.

Linganisha na vifaa vya sasa. Unafungua boksi, kifaa kinakutaka ufungue akaunti, uthibitishe barua pepe, halafu nusu ya vitufe viko kwenye simu. Najua, studio iliyokuwa ikijaza chumba sasa inaingia kwenye mkoba, na mimi mwenyewe nafaidi. Ila programu ya simu ikitelekezwa, chuma kizima kinakuwa kizuizi cha mlango.

Vipo vifaa vya USB vinavyofuata kanuni ya pamoja, visivyohitaji draiva ya kampuni. Siku hizi hilo ndilo swali langu la kwanza dukani, hata kabla ya kuuliza sauti ikoje. Muuzaji wa mwisho niliyemuuliza alifikiri kidogo, kisha akanionyesha rangi zilizopo.