Kushusha PS3 hadi 3.55: faida ya nani, hasara ya nani

Kwenye mabanda ya gemu ya Mtwara mjini, ombi kwa fundi ni lilelile miaka nenda rudi: "Nishushie hii." PS3, mashine ya gemu ya Sony, imeshapandishwa toleo jipya la mfumo, na mwenyewe anataka irudi toleo 3.55 ili ichipiwe, yaani ivunjwe kufuli la Sony, magemu yakae kwenye hadidiski.

Namba hiyo haikuokotwa. Mwisho wa 2010 wadukuzi walionyesha kwamba Sony walikosea hesabu ya kutia saini programu zao, na Januari 2011 mdukuzi Mmarekani, George Hotz, akaanika hadharani ufunguo wa kutia saini hizo. Sony wakaziba pengo kwa 3.56, wakamshtaki, wakapatana naye Aprili. Mlango uliobaki wazi ukawa 3.55.

Wanaoshusha siwabezi. PS3 ilipoingia sokoni 2006 iliruhusu mtu kuweka Linux. Tarehe 1 Aprili 2010 toleo 3.21 likaiondoa ruhusa hiyo, na aliyekataa kupandisha akafungiwa mchezo wa mtandaoni. Ni kama aliyekuuzia baiskeli aje usiku kung'oa keria, kisha akwambie usipokubali hupiti barabara kuu. Wateja wa Marekani walikwenda mahakamani na mwishowe Sony wakakubali kuwalipa.

Mwenye banda ana sababu yake nyingine, na kwangu hiyo ndiyo nzito zaidi: lenzi ya kusomea diski. Diski inayopita mikono ya watoto kutwa nzima huchunika, na lenzi huchoka kuisoma. Hata aliyenunua diski halali angependa gemu lisomwe kwenye hadidiski.

Lakini kazi yenyewe! PS3 nyingi zina chipu ya kumbukumbu ya megabaiti 16 inayobeba mfumo. Fundi makini huisoma kwanza, tena mara mbili, alinganishe nakala, ndipo aandike. Yangu ilishikwa na fundi asiye na nakala, umeme ukakatika katikati ya kuandika. Ilirudi nyumbani ikiwaka taa tu, picha hakuna. Pesa ya ufundi nilishatoa.

Tena kuna uongo mdogo unaozunguka mjini, kwamba kila PS3 inashuka. Super Slim, ile nyembamba ya 2012, ilitoka kiwandani na toleo la juu kuliko 3.55, kwa hiyo haishuki huko hata ubembeleze vipi. Inaingizwa HEN, programu ya kuruhusu magemu ya kwenye hadidiski, kazi isiyohitaji kufungua hata skrubu moja. Kwa mashine nyingi za kabla yake nazo, tangu 2017 zipo njia za kupitia kivinjari cha PS3 yenyewe. Yaani "kushusha" kumebaki jina la kazi ambayo mara nyingi haihitajiki tena, ila bei ya kushusha bado inatozwa.

Sheria? Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo, na anayetoza watoto kwa gemu la kunakili anafanya biashara kwa jasho la mwingine. Simweki kapu moja na kijana anayecheza sebuleni kwao, wala na anayelinda lenzi yake. Wenye mabanda wengi, tuseme ukweli, ni wa kapu la kwanza.

Kwa PS3 mizani yangu inaelemea upande wa wachokonozi, kwa sababu moja ya kawaida kabisa: FIFA ya mwisho kutolewa kwa mashine hiyo ni FIFA 19, ya 2018. Hakuna gemu jipya la kukosa kwa kubaki chini.

PS4 ni habari nyingine. Haishuki kirahisi namna ile, hivyo anayetaka kuichipu hulazimika kuzima apdeti mapema na kungoja. Wakati huohuo magemu mapya hudai mfumo mpya, na wateja wa banda wanataka vikosi vya msimu huu. Pesa ya korosho ikiingia, vijana wengi hununua PS4 zilizotumika, na wengine huziunganisha na intaneti usiku uleule kabla hawajauliza ziko toleo gani.