Kamera zinawaka, taa za barabarani zimekufa

Jamani hii Kampala ya kisasa imenichosha. Kamera za Huawei za dola milioni 126 tulizipata, Museveni mwenyewe alizitaka baada ya Kaweesi, yule mkubwa wa polisi, kuuawa 2017, na sikatai, kuna wezi wamenaswa nazo. Lakini jioni unafika junction taa zote za kuongozea magari zimezima, trafiki na nguo zake nyeupe anapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo imemtoka, boda zinampita huku na huku, na juu ya kichwa chake kamera inameremeta kabisaa!

Halafu Juni 2025 wakaleta zile faini za mashine, kamera yenyewe inakupiga faini ya spidi, shilingi laki mbili, ukizidisha sana laki sita, na kibao cha spidi chenyewe hukioni, mpaka watu wakapiga kelele ndo ikasimamishwa.

Sasa dada yangu kaporwa simu chini ya nguzo ya kamera, kaenda kuuliza anaambiwa netiweki hakuna rudi kesho. Kwa faini netiweki ipo eti? Na hizo sura zetu anaziangalia nani, zinafutwa lini? Sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019, mtu atujibu basi.