Tahadhari ya mvua itaje na mlima

Mvua za msimu zikianza Novemba huku kwetu, taarifa ya redioni ni ileile: mvua kubwa mikoa ya Kigoma, Katavi na Tabora, wananchi wachukue tahadhari. Naiheshimu kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na rangi zao za angalizo na tahadhari zinasaidia. Lakini mama wa Mwamgongo, kijiji cha Kigoma, ziwa mbele yake na mlima unaoweza kuporomoka mgongoni, achukue tahadhari ipi? Ahame? Usiku upi?

Wenzetu wa nchi za theluji wana hatari inayofanana sana na hii ya maporomoko ya udongo. Uswisi, taasisi ya utafiti iliyoko Davos hutoa taarifa ya maporomoko ya theluji kila siku majira ya baridi. Hatari imepangwa kwa ngazi 5, ambazo nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 1993. Tena hawaishii kwenye namba. Wanataja miteremko inayotazama upande gani, kuanzia kimo gani, na sababu yake: labda upepo umerundika theluji mpya, au chini kuna tabaka dhaifu lisiloshika. Theluji hukatika zaidi kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, kwa hiyo anayepanda anajua mapema wapi asikanyage.

Na kuna jambo linaloniuma kila nikilifikiria. Karibu nusu ya wanaofia kwenye theluji Uswisi hufa siku za ngazi ya 3. Ya 5 ikitangazwa watu hujifungia ndani. Ya 3 wanaizoea. Na mara nyingi theluji iliyomuua mtu ameikata yeye mwenyewe au mwenzake kwa kuipitia.

Udongo hauna tofauti kubwa. Maji yanauongezea uzito, yanaulegeza chini, na sisi tunachimba kitako cha kilima tupate kiwanja, juu tunafyeka miti tupande mihogo. Hanang, Desemba 3, 2023, tope lilishuka kutoka mlimani hadi Katesh, likaua watu zaidi ya 80. Sitaki tusubiri letu.

Vijiji vingi jirani na Gombe tayari vina mipango ya matumizi ya ardhi, iliyochorwa na wanakijiji wenyewe. Basi ramani hizo zioneshe na miteremko mikali na nyumba zilizo chini yake. Kila kijiji kiwe na kipimo cha mvua na mtu wa kukisoma asubuhi na jioni, alipwe. Huyo huyo apite kuangalia nyufa mpya juu ya makazi, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyogeuka tope ghafla. Kiwango cha mvua cha kuwahamisha watu kikubaliwe kwenye mkutano wa kijiji wakati wa kiangazi, kaya kwa kaya, na mwenyekiti wa kitongoji awe na mamlaka ya kuwaamsha watu saa nane za usiku na kuwapeleka shuleni bila kungoja simu ya wilayani.