Mwulizeni mama yanayompitia kichwani

Mama anayejiwa na picha ya mtoto wake akidondoka ngazini, au ya yeye mwenyewe akimdhuru, si mama mbaya wala mwendawazimu. Naliandika hili waziwazi kwa sababu hapa Kisumu sijalisikia likisemwa kliniki, kanisani wala kwenye chama chetu.

Mawazo hayo huwajia wazazi wengi sana, akina baba wakiwemo, wakati wa mimba au mtoto akishazaliwa. Kwa wengi hupita. Kwa wengine hukwama, na mara nyingi kinachoyakwamisha ni hofu: ukilifukuza wazo, linarudi na nguvu zaidi. Rafiki yangu wa mtaa wa Manyatta alivificha visu vyote juu ya kabati, sukuma wiki akawa anakatiwa na mama mboga. Kumwogesha mtoto alimwachia mama mkwe, ambaye alianza kuwaambia majirani kwamba msichana ni mvivu. Hakuwa mvivu! Alikuwa akimkinga mtoto na mikono yake mwenyewe, na kule kutishika kwake kulionyesha wazi kwamba hakutaka kumdhuru. Hakusema, akihofia kunyang'anywa mtoto.

Kliniki ya wiki 6, mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, kijitabu kinajazwa. Mama naye kwa nini asiulizwe, "Kuna mawazo yanayokujia yakakutisha?" Hata wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wangeweza kuliuliza. Swali hilo halimtii mtu wazo jipya. Na tiba ipo: mazungumzo na mtaalamu anayemfundisha kuliacha wazo lipite na kuzirudia polepole kazi anazozikwepa, pamoja na dawa ambazo daktari anaweza kumpa hata akiwa ananyonyesha.

Ila kuna hali nyingine isiyongoja. Mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua hupatwa na saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asitambue tena lililo kweli na lisilo kweli, aghalabu ndani ya wiki 2 za kwanza. Halali wala hahisi usingizi, anasikia sauti, pengine anaamini mtoto ana pepo, na haoni kosa lolote katika mawazo hayo. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto. Vivyo hivyo anayesema anataka kujiua.

Nanyi mama wakwe, nawasihi. Mkaza mwana akikataa kumwogesha mtoto, mpokee mtoto, mpikie uji, kisha umwulize taratibu anaogopa nini. Akikuambia, msindikize kwa muuguzi kwanza. Mchungaji anaweza kuja jioni.