Njia za milimani Mbeya: tunagombana na matairi, maji yanapita

"Nani aliwatuma mlete maji shambani kwangu?"

Swali hilo aliliuliza mama mmoja kwenye mkutano wa kitongoji huko Umalila, juu kidogo ya Ilembo. Alikuwa amesimama, khanga imefungwa kiunoni, akiwatazama watu sita waliokaa kwenye benchi la mbele na mabuti yenye tope. Hao sita ni wanachama wa klabu moja ya kujitolea ya hapa Mbeya, watu wa magari yanayovuta miguu yote minne. Mara moja kwa mwezi hupanda njia za zamani za milimani, na mara nyingine hurudi huko huko na majembe kuzitengeneza.

Habari ilipofika Mbalizi ilikuwa imeshabadilika: magari ya matajiri yamepita juu ya viazi vya mjane. Ilipofika Soweto, mtaa wa hapa Mbeya mjini, viazi vilikuwa vimefika ekari mbili na klabu inatakiwa ifutwe.

Nilikuwepo kwenye mkutano ule. Hakuna tairi lililokanyaga kiazi. Mwezi wa tisa, udongo ukiwa mkavu kama unga, klabu ilichimba mtaro wa mshazari kukatisha njia ili mvua ikija maji yatoke pembeni badala ya kuteremka na njia nzima. Mdomo wa mtaro waliuelekeza kwenye kitu kilichoonekana kama nyasi tupu. Nyuma ya nyasi zile kulikuwa na matuta ya viazi. Mvua za kwanza za Novemba zilipopiga, maji yalipita pale walipoyaambia yapite, yakazoa matuta matatu na mbegu iliyokuwa imeshafukiwa.

Kwa hiyo mama yule alikuwa na haki ya kufoka, na klabu ilikuwa na kosa. Lakini kosa hilo silo tunalobishana mjini. Tunabishana juu ya magurudumu, wakati jambo lenyewe ni maji.

Niseme mapema kwamba mimi si mwanachama. Gari langu ni kirikuu, na kirikuu hakipandi kule hata ukikiombea. Nimekwenda nao mara tatu nikiwa abiria, na mara moja kati ya hizo nimeshika sururu mpaka mikono ikavimba. Msomaji apime maneno yangu akijua hilo.

Wanaopinga safari hizi wana hoja, na baadhi ni nzito. Wanaanza na Kitulo. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 2005, kilomita za mraba 412.9 za uwanda ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, wenye aina 45 za okidi za ardhini. Maua yale huchanua kati ya Novemba na Aprili, yaani wakati ule ule mvua inaponyesha na udongo umelainika kama mkate uliolowa. Watu wanataka kwenda wakati ambao hawapaswi kwenda. Ndani ya hifadhi hakuna mjadala, ni marufuku gari kuacha barabara, na klabu haibishani na hilo. Lakini nyasi za uwandani hazianzi wala haziishii kwenye mpaka wa hifadhi, na udongo wa majivu ya volkano ni ule ule upande huu na upande ule. Gari moja likipita kwenye nyasi mbichi, alama yake huenda ukaikuta msimu unaofuata.

Hapo huwa nawakumbusha rafiki zangu wanaopinga jambo moja. Kabla ya hifadhi, kilichokuwa kinamaliza okidi za Kitulo ni jembe. Mizizi ya okidi, minene kama viazi, ilichimbwa, ikajazwa magunia na kupelekwa Zambia, ambako hutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Hawapendi kukumbushwa. Nao hunijibu kwamba magunia yale hayakutembea kwa miguu hadi Tunduma, na hapo wananiweza.

Maana hoja yao ya pili ndiyo inayoninyima usingizi: njia iliyotengenezwa haichagui mpitaji. Msitu wa Mlima Rungwe umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009. Mle na katika misitu ya Livingstone jirani anaishi kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na kumtangaza 2005. Msitu wa namna hiyo hulindwa na ubovu wa njia kama unavyolindwa na askari. Ukiziba makorongo na kuondoa gogo lililoanguka, umemfungulia mlango na mwenye msumeno. Hili si la kufikirika. Asubuhi moja, wiki mbili baada ya kazi ya majembe upande wa Poroto, tulikuta alama za Fuso kwenye udongo tulioushindilia wenyewe, tairi pacha za nyuma zimezama kwa uzito. Kwenye kona kulikuwa na maganda ya mti, bado mabichi. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kiongozi wa msafara aliinama, akaokota ganda moja, akaliweka kwenye dashibodi. Lilikaa pale hadi tunarudi mjini.

Hoja ya tatu, kwamba hizi ni starehe za watu wenye hela, naipita haraka. Ni kweli dizeli na matairi ya kashata si vitu vya maskini. Lakini mtu anayetumia hela yake kupanda mlima na beleshi sioni kwa nini asemwe kuliko yule anayeimalizia baa.

Sasa nieleze wanachokifanya, kwa sababu wengi wanaowasema hawajawahi kuwaona kazini.

Pale lami inapoisha msafara husimama. Kila dereva hushuka na kutoa upepo, kutoka paundi 35 hivi mpaka 20 au chini kidogo. Anayewaona kwa mara ya kwanza hudhani wamepata pancha wote kwa pamoja. Sababu ni kwamba tairi lililolegea hutandaza unyayo wake, uzito unagawanyika, na gari linapanda taratibu bila kusugua. Tairi gumu husugua, likisugua linachimba, na shimo lile mvua ijayo ni kikombe. Wakilazimika kutumia winchi, mashine ya waya ya kulivuta gari lililokwama, waya haugusi gome. Mti huzungushiwa mkanda mpana kwanza. Haya mengine ni ya kawaida.

Lisilo la kawaida ni amri yao juu ya dimbwi, nayo naomba niikalie kidogo.

Ukikuta tope katikati ya njia, akili ya dereva yeyote wa Kitanzania inamwambia apite pembeni. Akili yangu pia. Klabu hii inakataza. Unapita katikati, ndani ya tope, hata kama utakwama, na ukikwama unavutwa. Siku ya kwanza niliona ni ujinga. Land Cruiser iliyokuwa mbele yetu ilizama hadi kwenye vishikio vya milango, tukatumia dakika arobaini kuichomoa, na upande wa kulia kulikuwa na nyasi nzuri kavu ambazo hata kirikuu changu kingepita. Nikamuuliza kiongozi, mzee wa makamo aliyekuwa fundi wa magari Mwanjelwa kabla ya kustaafu, kwa nini tunajitesa.

"Mwanangu," akasema, "leo ukipita pembeni, kesho pembeni panakuwa dimbwi. Keshokutwa mwenzio anapita pembeni ya pembeni."

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu, na tangu siku hiyo hesabu ile haijanitoka. Njia ya gari moja ina upana wa mita tatu. Watu wakikwepa tope kushoto, baadaye wakakwepa kulia, njia inakuwa mita tisa. Kwenye mteremko wa mita 200 tu, hizo mita sita za nyongeza ni mita za mraba 1,200, zaidi ya robo eka. Robo eka Umalila ni viazi vya lumbesa kadhaa, ni mbolea ya msimu ujao. Hakuna aliyeiuza na hakuna aliyelipwa. Imeliwa na watu waliokuwa wanaogopa kuchafua gari. Wala hao wakwepaji si klabu. Ni sisi wengine wote, bodaboda, kirikuu, Noah ya msiba, trekta la pareto, kila mtu na upenyo wake. Panda barabara yoyote ya udongo ya wilaya hii mwezi wa tatu uhesabu njia ngapi zinakwenda sambamba, halafu uniambie ni wangapi kati yao walikuwa na winchi.

Na si eneo tu. Nyasi zilizokanyagwa zikifa, mizizi iliyokuwa imeshika udongo inaachia. Maji ya mlimani huku si ya kubembeleza. Miteremko ya Rungwe upande wa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yakipata mfereji wa tairi kwenye mteremko yanaongeza kasi, yanakula chini, na baada ya misimu miwili au mitatu una korongo ambalo ng'ombe akitumbukia hatoki. Ndiyo maana mtaro wa mshazari ni muhimu kuliko kifusi. Kifusi kinaziba shimo la mwaka jana, wakati mtaro unayatoa maji njiani kabla hayajapata nguvu. Klabu huchimba mmoja kila baada ya hatua thelathini hivi penye mwinuko mkali, na udongo uliochimbwa hushindiliwa upande wa chini uwe tuta. Nani mwingine anafanya kazi hiyo? TARURA, wakala wa serikali wa barabara, tangu ianzishwe 2017, ina barabara zake za vijijini na mijini za kuhangaika nazo, na vijia vya mashambani haviko kwenye daftari lake. Msaragambo wa kijiji hutengeneza pale penye daraja na shule. Juu huko hakuna mwingine.

Kwa hiyo ndiyo, nadhani klabu ibaki. Ila kuna mambo mawili ambayo wanachama wenyewe hawajayamaliza.

Moja ni mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ndani ya mita 60 za kingo za mto shughuli zinazoweza kuathiri mazingira yake. Kuvuka kwenye kivuko cha siku zote ili uendelee na safari ni jambo moja. Kuingia mtoni mara tatu ili mwenzako apate picha ya maji yanavyoruka ni jambo lingine, na hilo nimeliona kwa macho. Chini ya kivuko kile palikuwa na mabinti wawili wenye ndoo. Walisubiri maji yatulie. Aliyekuwa kwenye usukani hakuwaona, au hakutaka kuwaona.

La pili ni kalenda, na hapa tunaweza kujifunza kwa waliotutangulia kugombana. Marekani, mwaka 1972, Rais Richard Nixon alisaini amri ya kuzitaka idara zinazosimamia ardhi ya umma zitenge wapi magari haya yapite na wapi yasipite. Miaka mitano baadaye Jimmy Carter aliongeza jino: njia inayoharibika ifungwe mara moja. Hata mpango wao wa kuwafundisha madereva, Tread Lightly!, haukuzaliwa na wapenda magari. Uliasisiwa na idara ya misitu mwaka 1985, ukawa shirika la kujitegemea 1990. Kanuni yake mojawapo ni hiyo hiyo ya mzee wa Mwanjelwa, kaa katikati ya njia. Kwetu hakuna aliyetenga wala anayefunga. Klabu inajipangia yenyewe, na kujipangia huko kumeshazaa safari ya Februari, ambayo nasikia ilikuwa tamu sana. Tope lile lingeweza kusubiri Juni. Kutengeneza njia mwezi wa tisa na kuilima mwezi wa pili ni kumpa mpinzani wako hoja iliyokwisha kupikwa.

Turudi mkutanoni. Mama alipomaliza kufoka, kiongozi alisimama, akavua kofia, akasema wamekosa na mbegu watalipa. Wakalipa siku hiyo hiyo, mbele ya mwenyekiti. Kisha akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwezi wa tisa: "Mama, zamani maji ya huku yalikuwa yanaelekea wapi?"

Mama hakujibu kwa mdomo. Alichukua jembe la mtu ukutani, akatoka, na sisi nyuma yake kama watoto wa shule. Alipanda mpaka hatua kumi hivi juu ya ule mtaro, akagonga chini kwa mpini. Hapo, alisema, baba mkwe wake alikuwa na mfereji ulioshusha maji kwenye kichaka cha mianzi, kabla njia haijapanuliwa na watu wa magogo. Ukichungulia kwenye nyasi ulikuwa bado unaonekana, umejaa udongo na majani. Tuliuzibua jioni ile, yeye akielekeza, na ule mtaro wa klabu tukaufukia.

Walikubaliana pia kuweka nguzo mbili na mnyororo chini kabisa, njia ifungwe kuanzia Desemba hadi mwisho wa Mei kwa kila gari, la klabu na la magogo. Mnyororo umeshanunuliwa. Kinachobishaniwa mpaka ninapoandika ni kufuli. Ufunguo uko mjini kwa mweka hazina wa klabu, na wanachama wengine wanaona ubaki huko kwa kuwa wao ndio waliogharamia. Mimi naona hapo wanapotea. Mweka hazina haoni alama za Fuso saa nane usiku. Mwenyekiti wa kitongoji nyumba yake iko mita chache kutoka kwenye nguzo, na yule mama shamba lake linaonekana kutoka mlangoni kwake. Ufunguo mmoja kwa mwenyekiti, mmoja kwa mama, na klabu ikija Juni ibishe hodi kama wageni wengine.

Bado wanajadiliana, na Desemba si mbali.