Asiye na Makazi Apewe Fedha Taslimu? Tulichoonyeshwa na Vancouver na Denver

Mtu anayelala kwenye kibaraza cha duka akipewa shilingi 500, wapita njia wengi huamini kwamba zitaishia kwenye pombe au sigara. Kwa sababu ya imani hiyo, misaada kwa watu wasio na makazi imekuwa ikitolewa kwa njia ya chakula, blanketi na kitanda cha usiku mmoja, huku fedha zenyewe zikibaki mikononi mwa wanaowahudumia. Mwaka 2018, katika jiji la Vancouver nchini Kanada, shirika la Foundations for Social Change na watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia walianza kuipima imani hiyo. Watu 50 wasio na makazi walipewa kila mmoja dola 7,500 za Kanada kwa mkupuo, bila masharti, na maisha yao yakafuatiliwa mwaka mzima sambamba na ya wenzao 65 ambao hawakupewa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Waliopewa fedha walikaa bila makazi siku 99 pungufu kwa mwaka kuliko wenzao, na matumizi yao ya vilevi hayakuongezeka. Isitoshe, kwa kuwa hawakutegemea tena makazi ya dharura kwa kiasi kile cha awali, watafiti walikadiria kwamba jamii iliokoa dola 8,277 kwa kila mmoja wao, yaani dola 777 zaidi ya alizopewa.

Siri ya mafanikio hayo, kwa maoni yangu, iko katika neno mkupuo. Anayelala katika makazi ya dharura mara nyingi hutakiwa kuondoka asubuhi na kila alicho nacho, hata akaingia kwenye usaili wa kazi akiburuta mabegi yake. Akizipata fedha zote kwa pamoja, anaweza kulipa siku hiyohiyo kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwenye nyumba, na jioni akawa na anwani, mlango unaofungwa kwa ufunguo, na kona ya kuacha mabegi hayo. Zikija kidogo kidogo, huliwa kabla hazijatimia kuwa kodi. Aliyewahi kutafuta chumba Dar es Salaam, akadaiwa kodi ya miezi sita kwa pamoja, hahitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, ni lazima tuulize waliochaguliwa walikuwa nani, na hapa ndipo wanaoushangilia utafiti huu huwa wanapita haraka mno. Kati ya watu 732 waliosailiwa, ni 229 tu waliokidhi vigezo, kwa kuwa walioishi bila makazi zaidi ya miaka miwili, na wenye matatizo makubwa ya ulevi, dawa za kulevya au afya ya akili, waliachwa nje. Na hata miongoni mwa waliokidhi, takriban nusu hawakupatikana tena kabla ya utafiti kuanza. Watafiti wenyewe walilieleza jambo hilo wazi. Kilichothibitishwa, basi, ni kwamba fedha humsaidia aliyeanguka karibuni na bado ana nguvu za kuinuka. Aliyekaa miaka kumi kwenye hema ni mgonjwa anayehitaji pia nyumba, tiba na mtu wa kumtembelea, na kumpa fedha peke yake ni kumtelekeza kwa namna nyingine.

Denver, Marekani, ilileta jibu gumu zaidi. Mradi ulioanza huko mwishoni mwa 2022 uliwaandikisha watu zaidi ya 800 katika makundi matatu: la kwanza lilipata dola 1,000 kila mwezi kwa mwaka, la pili dola 6,500 za kuanzia na 500 kila mwezi uliofuata, na la tatu dola 50 tu kwa mwezi. Ilipofika miezi kumi, takriban asilimia 45 ya watu wa kila kundi, hata lile la dola 50, walikuwa wakiishi katika nyumba waliyopanga au kumiliki. Wapinzani walisema fedha hazikufua dafu. Naona wanavuka mipaka ya ushahidi, kwa sababu wengi wanaopoteza makazi huyapata tena ndani ya mwaka kwa njia nyingine. Lakini watetezi nao hawana budi kukiri kwamba dola 12,000 hazikuonyesha tofauti ya wazi na dola 600 katika lile jambo lililokuwa kuu, yaani makazi.

Binafsi, kinachonitia shaka zaidi ni kodi yenyewe. Huko British Columbia, jimbo lenye jiji la Vancouver, posho ya makazi kwa mtu mmoja anayeishi kwa msaada wa serikali ilibaki dola 375 kwa mwezi tangu 2007 hadi 2023 ilipopandishwa kuwa 500, wakati nyumba ya chumba kimoja cha kulala Vancouver ilikwishavuka dola 2,000. Kwa hesabu hiyo, dola 7,500 hazitoshi hata miezi minne, na kama kazi haijapatikana ndani ya muda huo, mabegi yanarudi barabarani. Aidha, fedha hazizalishi vyumba: pale ambapo wanaotafuta ni wengi kuliko vyumba vilivyopo, aliyepewa fedha anaweza tu kumtangulia mwenzake kwenye foleni, na idadi ya wanaolala nje ikabaki ileile. Kwa hiyo ningeunga mkono mkupuo, utolewe mapema, katika majuma ya kwanza ya mtu kukosa makazi, ilimradi bajeti yake isimegwe kutoka kwenye ile ya kujenga nyumba za kodi nafuu.